Siku Niliyompeleka Mama Alhambra, Meli Ikitungoja Málaga

Katika ratiba tuliyotumiwa na kampuni ya meli, siku ya nne ya safari iliandikwa "Málaga (Granada)", nami nilipoyaona yale mabano niliamini kwamba miji hiyo miwili ya Hispania inatazamana kama Mombasa kisiwani na Likoni. Sikufungua ramani. Nilikuwa nimeshalipa nauli ya watu wawili, mimi na mama yangu, ndipo nikagundua kwamba kutoka bandari ya Málaga hadi Granada ni takribani kilomita 130, umbali usiopungua ule wa Mombasa hadi Malindi, na kwamba hakuna meli inayofika huko, kwa kuwa Granada ni mji wa bara uliokaa zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Sierra Nevada. Mabano yale hayakuwa uongo. Yalimaanisha tu kwamba kutoka Málaga mtu anaweza kwenda Granada, kwenye makasri ya kale ya Alhambra, akipenda, kwa gharama yake na kwa hesabu zake mwenyewe za saa.

Mama ni mzaliwa wa Lamu na amesomesha chuo cha Qur'ani Mombasa kwa zaidi ya miaka thelathini. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akitusimulia habari za Andalusi, yaani Hispania ya Waislamu, jinsi Waislamu walivyokaa huko karne kwa karne mpaka Granada, mji wao wa mwisho, ulipokabidhiwa kwa wafalme wa Kikristo tarehe 2 Januari 1492. Alikuwa hajawahi kuuliza kama mtu anaweza kwenda kuuona. Mimi ninaishi Birmingham, na nilipopata likizo ya wiki mbili mwezi wa Oktoba niliona kwamba meli ya kitalii ingemfaa mtu wa umri wake mwenye goti bovu: chumba kimoja wiki nzima, mizigo haihamishwi, na bandari mpya kila kukicha. Katika hilo sikukosea. Makosa yangu yalihusu siku ya nchi kavu, la kwanza likiwa yale mabano.

Kwanza niseme machache kuhusu viza, maana kwa msafiri mwenye pasipoti ya Kenya safari huanzia hapo. Mama aliomba viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, akiwa Nairobi, ada ya mtu mzima ikiwa yuro 90, pamoja na bima ya safari inayogharimia matibabu ya angalau yuro 30,000. Nusura tuombe viza ya kuingia mara moja tu, kwa kuwa tulidhani anayelala melini hahesabiwi kutoka wala kuingia. Meli yetu ilianzia Barcelona na ilipangiwa kupita bandari moja iliyo nje ya eneo la Schengen kabla ya kurudi Hispania, na kwa hiyo kampuni ilimtaka awe na viza ya kuingia mara nyingi. Isomeni orodha ya bandari zote kabla ya kujaza fomu. Maombi hupokelewa hata miezi sita kabla ya safari, na hakuna faida yoyote ya kungoja mpaka mwezi wa mwisho kama tulivyofanya sisi, tukakaa roho juu kwa wiki tatu.

Kosa langu la pili lilikuwa la tiketi. Alhambra si jengo moja. Ni mji mzima wa kilimani uliozungushiwa ukuta, wenye ngome inayoitwa Alcazaba, makasri ya masultani wa ukoo wa Banu Nasr, mabaki ya nyumba na misikiti, kasri kubwa la mfalme Carlos V lililoanza kujengwa mwaka 1527, na ng'ambo ya bonde dogo, bustani za Generalife. Kinachowatoa watu mbali ni yale makasri ya Banu Nasr, na huko watu huingizwa kwa makundi, kila kundi kwa saa yake. Kuna tiketi ya jumla inayofungua sehemu zote, na kuna nyingine iliyoandikwa "Jardines, Generalife y Alcazaba" ambayo ni rahisi zaidi na inakuingiza kila mahali isipokuwa kwenye hayo makasri. Mimi niliingia kwenye tovuti rasmi usiku nikiwa nimechoka na kazi, nikaona tiketi ya jumla ya siku yetu imekwisha na hii nyingine ipo, nikanunua mbili haraka haraka nikifurahia bahati yangu. Asubuhi niliposoma vizuri nilijua kwamba nimemnunulia mama safari ya kwenda kutazama kasri kwa nje. Pesa zake, yuro 24 kwa zote mbili, sikurudishiwa.

Kilichonisaidia ni ukaidi. Kila usiku kwa siku tisa nilifungua tovuti ile ile kabla ya kulala, kwa sababu tiketi zilizofutwa na wengine hurudi sokoni, na usiku wa tisa zilitokea nafasi mbili za saa tano na nusu asubuhi. Nilizilipia karibu yuro 20 kila moja. Mwenye tarehe maalumu, na abiria wa meli daima ana tarehe maalumu, anunue miezi miwili au mitatu kabla. Tena aandike majina na namba za pasipoti kama zilivyo kwenye pasipoti yenyewe, kwa sababu tiketi ni ya jina na mlangoni huangaliwa. Mama ana majina matatu, na kwenye pasipoti yake la kati limeandikwa kwa tahajia asiyoitumia mahali pengine popote. Nilifuata tahajia ya pasipoti.

Suala la usafiri lilikuwa na njia mbili. Meli ilikuwa ikiuza safari ya kuongozwa, basi na tiketi na chakula cha mchana, kwa yuro 145 kila mtu. Mimi niliona ni ghali mno, kwa kuwa basi la kawaida kutoka kituo cha mabasi cha Málaga hadi Granada lilikuwa kama yuro 15 tu kwa mtu. Jambo ambalo sikulitia katika hesabu ni kwamba safari iliyouzwa na meli ikichelewa, meli huwasubiri abiria wake, na ukichelewa kwa miguu yako mwenyewe meli huondoka. Tofauti ya bei ile ilikuwa kwa kiasi kikubwa bei ya usingizi.

Meli ilitia nanga Málaga siku ya Ijumaa saa moja asubuhi na ilipangiwa kuondoka saa moja jioni, abiria wote wakitakiwa wawe ndani saa kumi na mbili na nusu. Karatasi iliyoingizwa chini ya mlango usiku ule ilisema tutakaa bandarini kwa muda wa saa kumi na mbili kamili, na mimi nilizihesabu zote kama zangu.

Hapa nitaje jambo litakalomchekesha msomaji wa pwani. Mama huishi kwa saa ya Kiswahili, ile inayoanza kuhesabu jua linapochomoza, na nilipomwambia tutashuka saa moja asubuhi alijiandaa kwa mwanga. Alipofungua pazia aliona giza totoro na taa za gati. Hispania, ingawa imekaa karibu na mstari wa Greenwich, imefuata saa za Ulaya ya Kati tangu mwaka 1940, na Oktoba huwa bado wamesogeza saa mbele kwa ajili ya kiangazi, kwa hiyo jua la huko huchomoza baada ya saa mbili na adhuhuri huingia karibu na saa nane. "Hawa saa zao zina deni," mama alisema, akarudi kukaa kitandani. Kwa anayetegemea jua kujua amebakiwa na muda gani, jambo hili ni la hatari: jioni ile jua lilikuwa bado juu kabisa wakati sisi tulikuwa tumeshaanza kuchelewa.

Kosa la tatu ndilo lililonifundisha zaidi. Pasipoti ya mama, kwa kuwa ilikuwa na viza, ilichukuliwa na watu wa mapokezi ya meli tangu siku ya kwanza, ili maofisa wa bandari wakitaka kuikagua wasimsumbue abiria. Alipewa kadi ya meli ya kutokea na kuingilia, na kadi ile ilimtosha Valencia, ambako hatukuingia mahali pa kuulizwa kitu. Alhambra walitaka kitambulisho cha asili. Nilikumbuka jambo hili usiku wa kuamkia Ijumaa, nikateremka mapokezi, nikaambiwa nirudi asubuhi. Asubuhi nilikuta foleni ya watu waliolala na wazo kama langu, na mhudumu mmoja akitafuta pasipoti sandukuni kwa namba ya chumba. Nilisaini kitabu, nikaipokea, na tulipofika nje ya gati ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Basi nililolikusudia lilikuwa la saa mbili.

Nawashauri wenzangu waiombe pasipoti siku mbili kabla na wapewe saa mahususi ya kuichukua, na wasikubali kuambiwa kwamba nakala inatosha mpaka wahakikishe na mahali wanapokwenda. Faida nyingine niliiona baadaye, nilipoanza kuogopa kwamba meli itatuacha: kama ingetuacha, angalau mama angekuwa nchi ya watu na pasipoti yake mkononi.

Teksi ya yuro 10 ilitupeleka kituo cha mabasi, tukapanda basi la saa tatu. Nilimkatia mama tiketi ya kwenda tu, na mimi pia ya kwenda tu, kwa sababu sikujua tutamaliza saa ngapi na nilitaka kuwa huru. Shikeni hilo akilini, nitalirudia.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri. Barabara hupanda kuelekea kaskazini, kisha hugeuka mashariki katikati ya vilima vilivyopandwa mizeituni kwa mistari mpaka macho yanachoka. Mama aliuliza Wahispania huiitaje zeituni, nikamwambia "aceituna", akatabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa ugenini. Tukaendelea na mchezo huo njia nzima: "azúcar" ni sukari, "alcázar" ni kasri, "alcalde", yaani meya, ni kadhi aliyebadilishiwa kazi, na "ojalá", wanayoisema wakitumaini jambo, wengi huitafsiri kuwa imetokana na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu. Nilimkumbusha pia kwamba msafiri Ibn Battuta, aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa, alipita njia hizi hizi za Málaga na Granada yapata mwaka 1350, na kwamba Málaga aliisifia tini na vyombo vyake vya udongo vyenye rangi ya dhahabu. "Basi sisi si wa kwanza kutoka kwetu," alisema, ingawa Ibn Battuta alikuwa mtu wa Tanja, huko Moroko.

Tuliingia Granada saa nne na dakika arobaini, tukachukua teksi nyingine moja kwa moja hadi lango kuu la Alhambra, yuro 14, tukashuka saa tano na dakika tano. Nilidhani tumefika. Kutoka lango kuu hadi mlango wa makasri ya Banu Nasr ni mwendo wa robo saa kwa mtu mzima wa afya, njia ikipita kati ya miti ya misonobari na kuta zilizobomoka, na kwa mama ilikuwa mwendo wa dakika ishirini na tatu zenye mapumziko mawili ambayo niliyakatisha kwa ukali ninaoujutia. Mwenye tiketi tayari anaweza kuingilia Puerta de la Justicia, lango lililojengwa mwaka 1348 wakati wa Sultani Yusuf wa Kwanza, ambalo liko karibu zaidi na makasri, na hana haja ya kupita lango kuu hata kidogo. Nililisoma hilo baadaye. Tulifika mlangoni ikiwa imebaki dakika mbili, wakaangalia tiketi, wakaangalia pasipoti, wakatupitisha.

Sitajaribu kueleza kila chumba. Nitaeleza yaliyotokea katika ua wa kwanza mkubwa, wenye bwawa refu na miti ya mihadasi kandokando, ambapo mama alisimama mbele ya ukuta akavaa miwani. Kuta zile zimepambwa kwa vigae hadi usawa wa kifua, na juu ya vigae kuna plasta iliyochongwa maua na maandishi yaliyosokotana hata mtalii wa kawaida huyaona kama pambo tupu. Mama aliweka kidole hewani, akakifuatisha na mstari kutoka kulia kwenda kushoto, akasoma kwa sauti ile ile anayosomeshea watoto: "Wa la ghaliba illa Llah." Hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Ndiyo kaulimbiu ya Banu Nasr, na imerudiwa kwenye kuta zile mara nyingi kupita hesabu ya mtu anayetembea. Akasogea hatua tatu, akaikuta tena. Akasogea, akaikuta. Maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yalimshinda, na alilikiri hilo bila kuona haya, na mashairi marefu alikuwa akiyashika neno hapa na neno pale, lakini ile sentensi moja ilimsindikiza chumba hadi chumba kama mwenyeji.

Watu waliokuwa nyuma yetu walianza kukusanyika. Mama mmoja mzee wa Kifaransa, au nadhani alikuwa Mfaransa, alimgusa bega akauliza kwa ishara maana yake, nami nikawa mkalimani wa kitu ambacho mimi mwenyewe nilifundishwa kukisoma na nikakiacha. Hilo liliniingia. Nilimaliza juzuu kumi mbele ya mwanamke huyu huyu, na pale ukutani nilikuwa nikisubiri aniambie.

Alipofika kwenye vyumba vya ndani alianza kulinganisha na kwao. Vishubaka vilivyochongwa kwenye kingo za milango, ambamo zamani waliweka mitungi ya maji, vilimkumbusha zidaka za nyumba za mawe za Lamu, na alinionyesha jinsi fundi alivyorudia ua moja dogo mpaka likafunika ukuta mzima, kama wafanyavyo mafundi wa nakshi za milango. Katika Ua wa Simba, uliojengwa na Muhammad wa Tano na ambao Ibn Battuta hakuuona kwa kuwa ulikuwa haujajengwa, alihesabu simba wa marumaru mmoja mmoja mpaka wakatimia kumi na wawili. Ukingoni mwa beseni walilolibeba kuna beti za Ibn Zamrak, waziri aliyekuwa mshairi, lakini watu hutembezwa pembeni na herufi ziko mbali. Mama alikasirika kidogo. Alitaka kujua pia maji yale yanatoka wapi mlima wote huo, na alipoambiwa kwamba mfereji wa masultani uliyachukua kutoka mto Darro, juu kabisa bondeni, yakateremka yenyewe bila pampu, alinyamaza muda mrefu.

Tulitoka saa saba na robo. Hapo ndipo nilipopaswa kumtafutia mahali pa kukaa, kumpa maji, kisha kushuka mjini taratibu. Badala yake nilimwambia kwamba tumelipia Generalife na haifai kuiacha, nikamvuta kwenye ngazi na vijia vya kokoto kwa saa nzima na zaidi, ili aone bustani ambazo kusema kweli Oktoba zilikuwa na maua machache. Ukijumlisha njia zote, kuizunguka Alhambra ni kilomita kadhaa za kupanda na kushuka. Goti lilivimba. Alipokaa kwenye benchi la mawe alisema tu, "Mwanangu, mimi nilishaona nilichojia." Anayemsindikiza mzee achague makasri peke yake, avae yeye na mzee wake viatu vyenye soli isiyoteleza, na aichukulie sehemu iliyobaki ya tiketi kama sadaka.

Kulikuwa na jambo lingine alilolitaka, nami sikulipangia nafasi. Juu ya kilima cha pili, katika mtaa wa zamani wa Albaicín, kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, jirani na uwanja wa San Nicolás, ambako mtu akisimama anaiona Alhambra yote mbele yake na milima nyuma. Ilikuwa Ijumaa, na kwa lile jua lenye deni swala ilikuwa ikiingia wakati sisi tukihangaika na ngazi za Generalife. Kama ningeiacha bustani, teksi ingetufikisha. Mama alinifariji kwamba msafiri hana Ijumaa, yaani halazimiki kuiswali, na katika sheria ya dini ni kweli, lakini namjua anavyosema jambo la kunifariji.

Tulishuka kwa teksi hadi karibu na Plaza Nueva kutafuta chakula. Granada ina desturi ya kukuletea sahani ndogo ya kitu cha kula bure kila unapoagiza kinywaji, desturi nzuri kwa asiyebagua, ila sahani ile mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe, na mhudumu huileta bila kukuuliza. Ukitaka halali, ingia vichochoro vya Calderería na mtaa wa Elvira, ambako Wamoroko na wengine wana migahawa na nyumba za chai. Tulikula kuku wa zeituni na limau kwa yuro 32 sote wawili. Njiani mwanamke mmoja alimtia mama kijiti cha rosemari mkononi, akaanza kusoma kiganja chake, kisha akadai pesa. Mama, ambaye hakuelewa neno na ambaye kutabiriwa ni jambo asilolitaka hata kwa lugha yake, alimrudishia kijiti na kumwambia "asante sana" kwa Kiswahili kikavu. Ilitosha. Msipokee chochote kinachopeanwa barabarani karibu na kanisa kuu na Capilla Real, ambamo wamezikwa Isabel na Fernando, wale wafalme wa Kikristo waliokabidhiwa mji.

Saa kumi kamili tulikuwa kituo cha mabasi, na hapa linarudi lile la tiketi ya kwenda tu. Granada ni mji wa chuo kikuu cha tangu mwaka 1531, na Ijumaa alasiri wanafunzi hurudi makwao. Mashine ilinionyesha kwamba mabasi yote ya Málaga yamejaa mpaka lile la saa kumi na mbili jioni, ambalo lingetufikisha bandari ikiwa tupu. Nilirudia kubonyeza kana kwamba mashine ingenihurumia. Kisha nilihisi miguu inakufa ganzi. Mama alikuwa amekaa juu ya kibao cha mizigo, pasipoti yake kifuani ndani ya leso, akaniuliza kama kuna shida, nikamwambia hapana.

Nje dereva wa teksi alitaka yuro 180 mpaka gati. Nilikubali bila kuomba apunguze. Njia nzima niliitazama saa ya gari na ile karatasi ya meli, ambayo kwa bahati niliikunja mkobani asubuhi: imeandikwa namba ya simu ya wakala wa bandari, mtu wa kupigiwa kama unachelewa, na bila karatasi ile nisingejua hata jina la gati. Mama alilala. Tulivuka lango la bandari saa kumi na moja na dakika hamsini, dakika arobaini kabla ya mwisho.

Usiku nilipiga hesabu. Tiketi sahihi, tiketi za makosa, mabasi, teksi tano na chakula vilikuwa yuro 350 kwa watu wawili, ilhali safari ya meli niliyoikataa kwa ubahili ingekuwa yuro 290, na mama angeshushwa karibu zaidi na lango. Ningekata tiketi ya kurudi mapema, siku ile ile ingenigharimu yuro 200. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu kwamba basi la kawaida ni kosa, ila linamfaa mwenye tiketi mbili za basi mfukoni, ya kwenda na ya kurudi, na ile ya kurudi iwe ya kumfikisha bandarini saa mbili nzima kabla ya muda wa mwisho.

Na kama tiketi za makasri zimekwisha kabisa, nisingekwenda Granada. Ningebaki Málaga, ambako umbali mfupi kutoka gati kuna Alcazaba yao, ngome ya karne ya 11 yenye bustani na maji yake, ikiwa na lifti ya kumpandisha mwenye goti bovu, na chini yake ukumbi wa maigizo wa Kirumi. Niliiona kwa mbali tu, taa zake zikiwashwa, wakati meli ikigeuza pua kuelekea baharini. Zipo pia meli zinazotia nanga Motril, bandari iliyo kama kilomita 70 tu kutoka Granada, na mama ameshaniuliza mara mbili kwenye simu jina lake linaandikwaje.

Wiki iliyopita alinitumia picha ya ubao wa chuo chake. Ile sentensi ya ukutani imeandikwa kwa chaki, kwa mwandiko wake, na chini yake watoto wamechora simba waliozunguka beseni. Nimewahesabu. Wako kumi na mmoja.